Koti Lililopandishwa Cheo

Nchi yetu ina sheria nzuri kuliko nchi zote tunazopakana nazo, na nalisema hili nikiwa na akili timamu, bila mtu yeyote kusimama nyuma yangu. Sheria yetu ya kukataza ubaguzi kazini ina kurasa mia mbili na kumi, jalada la kijani, na picha ya Kiongozi katika ukurasa wa kwanza akicheka pamoja na wafanyakazi. Kila ofisi ya serikali ina nakala yake. Ya kwetu ilitumika kuzuia mlango wa ghala usijifunge, kwa hiyo asije mtu akasema ilikaa bure.

Mimi naitwa Shomvi Mkangara, karani wa mahudhurio katika Idara ya Mizani na Vipimo. Idara yetu ndiyo inayohakikisha kwamba kilo ya sukari sokoni ni kilo kweli. Tuna mawe ya chuma ya kupimia, kuanzia ya gramu kumi mpaka ya kilo ishirini, na katika ghala la chini tuna Mizani Kuu, ambayo mizani nyingine zote za nchi hupimwa kwayo. Mimi binafsi sipimi kitu. Kazi yangu ni kuandika nani yupo na nani hayupo.

Kazi hiyo ni nyepesi, kwa sababu utumishi wetu una utaratibu ambao wageni hutuonea wivu. Mtumishi akifika asubuhi huvua koti lake na kulitundika kwenye mgongo wa kiti. Kuanzia hapo yupo. Anaweza kwenda msibani, shambani kwake au kwenye ofisi yake nyingine. Maadamu koti liko kitini, yeye yupo, na anayemuulizia huambiwa ametoka kidogo. Wenye akili zao wana makoti mawili, moja la kuvaa na moja la kuwepo. Wanawake wa Idara yetu hawavai makoti, hujifunga mitandio, na waraka ulioanzisha utaratibu huu haukutaja mitandio. Kwa hiyo mwanamke wa Idara ya Mizani, ili awepo, hulazimika kuwepo.

Utaratibu huu umewahi kutuletea tatizo mara moja tu. Mkaguzi Mkuu wetu, Mzee Chambuso, aliacha koti lake kitini siku moja, akaenda hospitali, akafariki. Mimi niliendelea kumwandika kuwa yupo kwa muda wa miezi kumi na mmoja. Mwaka huo alipewa cheti cha mahudhurio bora, na tulishangaa kidogo alipokosa kuja kukipokea. Ni mjane wake aliyekuja kutueleza. Cheti tulimkabidhi yeye, akakitazama, akaondoka bila kuaga. Koti alilisahau, au alituachia.

*

Sasa kiti cha Mkaguzi Mkuu kilikuwa wazi, na aliyestahili kukikalia alikuwa Bi. Sikudhani Mwinchande.

Mimi na Sikudhani tuliajiriwa siku moja. Tulitoka chuo kimoja, tukafanya mtihani mmoja wa ukaguzi. Yeye alipata tisini na moja, mimi nikapata sitini na nne, na hata hizo sitini na nne nilizipata kwa sababu alikaa mbele yangu na mtandio wake ulikuwa mwembamba. Mzee Chambuso ndiye aliyemfundisha kusoma mshale wa Mizani Kuu, na alikuwa akisema kwamba msichana huyu anaona gramu ambazo sisi wengine tunazikanyaga. Barua yake ya uteuzi ilikwisha kuchapwa. Ilikosa sahihi tu.

Kisha tumbo likaanza kuonekana.

Mkurugenzi wetu, Bwana Lukindo, ni mtu mpole, na alimwita ofisini kwake kwa upole. Mlango ulikuwa wazi, hivyo nilisikia.

"Bi. Sikudhani, hongera sana," alisema. "Lakini cheo cha Mkaguzi Mkuu kimetengewa mtu mmoja. Ninyi kwa sasa mko wawili. Nitawezaje kuwaweka wawili kwenye kiti kimoja? Sheria ya ajira itanihukumu."

"Mheshimiwa, nitajifungua, nitachukua likizo yangu, nitarudi."

"Ndiyo, ndiyo. Kwa sasa nenda ghalani ukapumzike. Kule hakuna ngazi za kupanda."

Ghalani hakuna ngazi, hilo ni kweli. Kuna mawe ya chuma. Ulikuwa msimu wa ukaguzi wa mwaka, mizani za nchi nzima zilikuwa zikiletwa, na kila mizani lazima ipakiwe mawe mpaka ijae, kisha yashushwe. Sikudhani alipumzika huko wiki sita akiinua mawe ya kilo ishirini. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa saba siku ya Jumanne moja, saa tano asubuhi, alipoanguka kando ya Mizani Kuu akapoteza mtoto. Siwezi kueleza zaidi yaliyotokea ghalani siku hiyo kwa sababu, kama msomaji atakavyoona, kisheria mimi sikuwepo.

*

Alirudi kazini baada ya wiki tatu, amekonda, akaenda moja kwa moja kufungua shauri Mahakama ya Kazi. Hakudai fidia. Hakudai hata cheo. Wakili wa Idara yetu, Bwana Kilonzi, alisoma hati yake ya madai mara mbili akitafuta mtego.

"Anataka mstari mmoja," alimwambia Mkurugenzi kwa mshangao. "Mahakama iandike kwamba aliondolewa kwenye nafasi yake na kupelekwa ghalani kwa sababu ya ujauzito, na kwamba kulikuwa na mtoto. Basi."

"Mstari mmoja tu?"

"Hiyo ndiyo hatari yake, Mheshimiwa. Mtu anayetaka vingi unaweza kumpa vichache."

Siku hiyo hiyo Bwana Kilonzi alitoa waraka. Ulisema ni marufuku kwa mtumishi yeyote kumwambia Bi. Sikudhani Mwinchande "pole," kwa kuwa pole ni kukiri. Sasa nchi yetu ni nchi ya pole. Tunampa pole mtu aliyebeba kikapu, aliyepiga chafya, aliyetoka kazini na anayekwenda kazini. Tulipokaribia meza yake midomo ilijiandaa yenyewe, kisha tukakumbuka waraka, tukakohoa. Mama wa chai alijisahau akasema, "Pole na kazi, mwanangu," akapewa onyo la maandishi. Kwa miezi mingi Sikudhani alipita katikati ya watu waliokuwa wakikohoa.

Shauri lilisikilizwa na Mtukufu Jaji Mfaume, ambaye sauti yake ni nzuri na hupenda kuitumia.

"Ubaguzi ni tofauti," alisema. "Tofauti haionekani pasipo wawili. Mlalamikaji amefika mbele ya Mahakama hii akiwa mmoja, na hapo ndipo udhaifu wa shauri lake unapoanzia. Kuanzia leo, katika nchi hii, yeyote anayelalamika kwamba amebaguliwa kazini atamleta mlinganishwa."

Karatasi za uamuzi zilieleza mlinganishwa ni nani. Ni mtu anayefanana na mlalamikaji kwa kila kitu isipokuwa lile jambo analodai kubaguliwa kwalo, na ambaye alitendewa vizuri zaidi. Kwa shauri hili alitakiwa mwanamume wa daraja lile lile, aliyeajiriwa tarehe ile ile, mwenye kimo kile kile bila viatu, aliyewahi kuwa na mimba ya miezi saba na asipelekwe ghalani.

"Mtukufu," aliuliza Sikudhani, "mwanamume mwenye mimba?"

"Mahakama haiingilii namna mlalamikaji atakavyompata," alijibu Jaji Mfaume, akafunga faili.

Kesho yake Sikudhani alikuja mezani kwangu.

"Kaka Shomvi, tuliajiriwa siku moja. Wewe ukisimama tu pale mbele, watakuona. Wataona wewe hukuhamishwa."

"Dada, mimi sina mimba."

"Najua huna mimba, kaka. Njoo tu."

Nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu hati ya wito ilitoka mahakamani, na mimi naheshimu mihuri. Bwana Kilonzi aliomba nipimwe, na kwa kuwa Idara yetu ndiyo yenye vipimo, wenzangu ndio walionipima. Nilimzidi Sikudhani inchi mbili. Vilevile ikagundulika kwamba naandika kwa mkono wa kushoto. Jaji akaamua kwamba mtu mrefu wa mkono wa kushoto hawezi kulinganishwa na mtu mfupi wa mkono wa kulia bila kuifedhehesha sayansi, nikaondolewa kwenye shauri. Nilirudi nyumbani nikala vizuri sana siku hiyo, na nakumbuka kwamba jambo hilo halikunishangaza.

*

Sikudhani alikata rufaa. Majaji watatu wa Mahakama ya Rufani walikaa, wakasoma, wakatoa uamuzi ambao magazeti yote yaliusifu kuwa wa kihistoria. Walisema Jaji Mfaume alikuwa mkali mno. Pale ambapo mlinganishwa hayupo duniani, walisema, inatosha afikiriwe. Na kwa kuwa hakuna amjuaye mfanyakazi kuliko mwajiri wake, mwajiri ndiye atakayemfikiria. Mlinganishwa wa kufikirika atawekwa ofisini kwa miezi kumi na miwili, atendewe kama ambavyo mlalamikaji angetendewa kama asingekuwa na lile jambo lake, kisha mahakama ipime tofauti.

Bwana Lukindo hakuikalia amri ya mahakama. Alasiri ile ile aliagiza meza iwekwe mbele ya meza ya Sikudhani, wakitazamana, pamoja na kiti chenye mikono. Kisha akatuuliza, kwa nia njema kabisa, mtu wa kufikirika anawekwaje kitini.

Sote tulijua jibu. Kama ingekuwa nchi nyingine wangechora picha au kuandika jina kwenye kibao. Sisi tulikwenda kabatini, tukalitoa koti la Mzee Chambuso, la kahawia, lililonuka nafthalini, tukalitundika. Lilipokwisha kutundikwa, hakuna hata mmoja wetu aliyeona mzaha. Mtumishi mwenzetu alikuwa amefika kazini. Nilifungua daftari, nikaandika: Bwana Mlinganishwa, yupo.

"Tumkaribishe mwenzetu," alisema Mkurugenzi, na tukapiga makofi. "Ana elimu ile ile ya Bi. Sikudhani. Ana zile alama tisini na moja. Hana tofauti naye hata chembe, isipokuwa ile."

Sikudhani alikuwa amesimama na jiwe la nusu kilo mkononi. Alilitazama lile koti kwa muda mrefu. Kisha akapiga goti kidogo, kama alivyozoea zamani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo, Mzee."

Naona haya kuandika hivi, lakini tulikuwa tukisubiri aitikiwe. Na mimi, ambaye masikio yangu hayana kasoro, nilisikia marahaba. Sikuiandika popote.

Akawa anamwamkia kila asubuhi. Baada ya mwezi mmoja watu walianza kufika mapema ili wasiwe peke yao chumbani na wale wawili. Mama wa chai alikuwa akimwekea Bwana Mlinganishwa kikombe, kwa sababu kumnyima kungekuwa ubaguzi, na aliapa kwamba kikirudi kinakuwa kimepungua. Mabega ya koti, yaliyokuwa yamelegea siku ya kwanza, yalianza kujaa. Bwana Lukindo alisema ni unyevunyevu. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni, kwa maana siku hizo hakuwa akiingia ndani.

Lakini kazini Bwana Mlinganishwa alitia fora. Fomu yake ya tathmini niliijaza mimi kwa maelekezo ya Mkurugenzi: mtulivu, hana makundi, hajawahi kubishana na uongozi, hajawahi kuomba ruhusa hata ya mazishi. Sikudhani, aliyekuwa akikagua mizani za pande zote mbili za chumba, zake na za yule bwana, aliandikiwa kwamba ana huzuni inayoathiri mazingira. Mwezi wa tano barua ile iliyokosa sahihi ilitolewa kwenye droo, jina likafutwa kwa wino mweupe, jina jingine likaandikwa juu yake. Safari hii ikatiwa sahihi siku hiyo hiyo. Bwana Mlinganishwa akawa Mkaguzi Mkuu.

Mimi niliteuliwa katibu wake. Nilipewa kiti chenye magurudumu.

*

Kuna jambo jingine lililotokea wakati huo, na ingawa halihusiani na shauri, nalitaja kwa ukamilifu wa kumbukumbu. Mizani Kuu iliacha kurudi kwenye sifuri.

Sinia lake lilikuwa tupu. Lilifutwa kwa kitambaa, likafunikwa, likafunuliwa. Mshale ulisimama kwenye kilo moja na robo, haukutikisika. Mafundi waliifungua wakaifunga mara nne. Walipoiwekea mawe ilipima sawasawa, lakini kila mara iliongeza ile kilo moja na robo, na walipotoa mawe yote ikabaki nayo. Fundi mmoja alipandisha mshale kwa mkono mpaka sifuri na kuushikilia. Alituambia baadaye kwamba alikuwa akisikia uzito ukivuta chini taratibu, bila kuchoka. Aliomba uhamisho wiki hiyo hiyo.

Mimi nilishuka kutazama mara moja, saa sita mchana, jua likiingia kwa madirisha ya juu. Nilisimama mbele ya sinia tupu. Niliogopa. Nasema niliogopa, na si kwa sababu nilikuwa sijui ni nini.

Serikali haiwezi kuwa na mizani yenye kosa, maana mizani zote za nchi zimepimwa kwayo. Kamati ikaundwa, ikakaa, ikatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao sifuri ya taifa itakuwa kilo moja na robo. Wauza sukari walifurahi mno na kutoa shukrani zao kwa Kiongozi. Sikudhani alipoletewa tangazo hilo asaini kwamba amelisoma, alilisoma neno kwa neno, akaweka kidole juu ya ile namba.

"Wameandika," alisema taratibu. Kisha akasaini.

*

Miezi kumi na miwili ilipotimia tulirudi kwa Jaji Mfaume. Mimi nililibeba koti kwenye hanga, kwa kuwa ni kazi ya katibu. Njiani lilikuwa zito, nikabadilisha mkono mara tatu. Mahakamani lilitundikwa kwenye kiti cha mbele, na askari aliyekuwa mlangoni akalipigia saluti kwa sababu aliambiwa ni Mkaguzi Mkuu.

Sikudhani hakuwa na wakili. Alisimama mwenyewe.

"Mtukufu, mimi sina maneno mengi. Mlisema aletwe mtu anayefanana nami kwa kila kitu isipokuwa mimba. Ameletwa. Alipata cheo changu ndani ya miezi mitano, na hajawahi kushika jiwe. Tofauti ni hiyo."

Watu walinong'ona. Hata mimi niliona kwamba amemaliza. Kesi ilikuwa imesimama pale mezani, mtoto wa shule angeiona. Bwana Kilonzi akainuka na kurekebisha joho lake.

"Mtukufu Jaji, tunakubali kwamba Bwana Mlinganishwa amefanya vizuri zaidi. Je, ni kwa sababu hana mimba? La hasha! Ni kwa sababu ya bidii. Ndani ya miezi kumi na miwili hakukosa kazini hata siku moja. Mlalamikaji alikosa wiki tatu. Na wiki hizo tatu anadai alikuwa akiuguza kitu ambacho Idara haikitambui, maana ujauzito katika utumishi wa umma unathibitishwa kwa Fomu Namba Tisa, na Fomu Namba Tisa haijajazwa."

"Fomu hizo zilikwisha," alisema Sikudhani. "Niliomba mara tatu. Waliniambia zinachapwa."

"Pasipo fomu hapana mimba. Pasipo mimba hapana mtoto. Labda mlalamikaji ana shahidi aliyeona?"

Sikudhani aligeuka akanitazama. Mkurugenzi naye akanitazama. Nilikwenda kizimbani nikaapa.

"Kaka Shomvi," alisema, "sikuulizi mengi. Jumanne ile, saa tano asubuhi, nilipoanguka ghalani. Ulikuwepo?"

Hapa inabidi nieleze jambo la kisheria. Asubuhi ile ile, kabla ya shauri letu, Jaji Mfaume alikuwa ametoa uamuzi mdogo ulioombwa na Bwana Kilonzi: kwamba koti kwenye kiti ni ushahidi kamili wa kuwepo kwa mwenye koti kwenye kiti hicho, na hauwezi kupingwa kwa ushahidi mwingine. Bila uamuzi huo Bwana Mlinganishwa asingeweza kuwa mtumishi, na wala amri ya Mahakama ya Rufani isingehesabiwa kuwa ilitekelezwa. Ulikuwa uamuzi wa lazima, na nchi nzima sasa inautumia.

Nililitazama daftari langu la mahudhurio, ambalo lilikuwa kielelezo. Sikumtazama yeye.

"Siku hiyo koti langu lilikuwa kwenye kiti changu," nilisema. "Ghorofa ya pili."

"Sikuulizi habari za koti, kaka."

"Koti langu lilikuwa kwenye kiti."

Hakukuwa na uongo ndani ya maneno yale. Koti lilikuwepo. Jaji aliandika kwa muda, akaniruhusu kushuka, na Bwana Lukindo alisogea kwenye benchi ili nipate nafasi ya kukaa karibu naye.

Hukumu ilisomwa kwa dakika arobaini. Hakukuwa na ubaguzi. Hakukuwa na ujauzito. Hakukuwa na shahidi wa tukio, na hivyo hakukuwa na tukio. Kuhusu kiti cha Mkaguzi Mkuu, Mahakama iliona kwamba Bwana Mlinganishwa hawezi kuondolewa, kwani kumwondoa mtu kazini kwa sababu tu hayupo kungekuwa ubaguzi mbaya kuliko wote, na sheria yetu haiuvumilii. Watu walipiga makofi. Nje, wakurugenzi wa idara nyingine walikuwa wakiulizana makoti ya mitumba yanauzwa wapi.

*

Sikudhani hakurudi kazini tena. Jumamosi iliyofuata nilitumwa nyumbani kwao kumpelekea nakala ya hukumu aisaini kuwa ameipokea. Ilikuwa mchana, kama saa nane. Nilimkuta barazani na mama yake, wanachambua mchele kwenye ungo mmoja. Nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikaletewa kigoda na maji ya kunywa, kama mgeni yeyote.

Alisaini bila kusoma. Nilidhani kazi imekwisha, nikaanza kuinuka.

"Kaka Shomvi," alisema. "Hapa hakuna jaji. Siku ile ulikuwepo?"

Mama yake aliacha kuchambua.

"Nilikuwepo," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi niseme tena. "Nilikuwepo, dada. Nilishuka kuhesabu mawe. Mimi ndiye niliyekupokeza lile la mwisho. Ulisema, ngoja kwanza nipumzike, nami nikakwambia wanatusubiri juu."

"Ndiyo," alisema. "Ulisema hivyo."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nadhani nilikuwa nikitamani, maana ningetoka pale nikiwa mwepesi. Hakunitukana. Alitoa chuya mbili kwenye mchele, akazitupa pembeni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu kizimbani.

"Alikuwa wa kike," alisema. "Ana nywele nyingi, nyeusi, mpaka huku shingoni. Majaji wanne na nyote mle ofisini, hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Kisha akasogeza ungo karibu na mama yake, wakaendelea na mchele wao. Maji yalikuwa bado mkononi mwangu, na sikujua niyanywe au niyaweke chini.